Kutoka Mawinguni Hadi Usawa wa Miti: Miaka Thelathini ya Ndege za Kivita Ulaya

Vita vilipoanza Ulaya mwaka 1914, Wajerumani walichapisha msemo mmoja kwenye kadi, beji na hata vikombe: Mungu aiadhibu Uingereza. Kitenzi chao cha kuadhibu ni strafen. Askari wa Kiingereza waliokuwa mahandakini walikinyakua kitenzi hicho, wakakitumia kwa kila aina ya kipigo, na baadaye kikabaki na kazi moja: kutaja kitendo cha ndege ya kivita kushuka karibu kabisa na ardhi na kumimina risasi juu ya watu, magari, treni au ndege zilizoegeshwa. Kiswahili hakina neno moja la jambo hilo. Tunalazimika kulieleza kwa kirefu, na tukilieleza hivyo tunawaona wote wawili, anayepita juu na aliye chini.

Vitabu na filamu nyingi humpenda wa juu. Hutuonyesha marubani wawili wakiviziana mawinguni kama mabondia, na mwisho mmoja anaanguka akifuka moshi. Mapambano hayo yalikuwepo, na waliopigana walikuwa watu jasiri. Lakini nimesoma habari zao kwa miaka mingi, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba sehemu kubwa ya vita vya angani vya Ulaya iliamuliwa chini: kwenye viwanja vya ndege, kwenye reli na barabarani. Huko chini ndiko walikokufa wengi wa hodari wenyewe, na huko ndiko walikokufa watu ambao hawakuwahi kupanda ndege maishani mwao.

Mwanzoni ndege ilikuwa jicho tu. Ilipanda kutazama adui ameficha wapi mizinga yake, ikarudi na habari. Shida ya kuipa silaha ilikuwa hii: bunduki ya rashasha ikifungwa mbele ya rubani, risasi zitaikata rafadha ya ndege yake mwenyewe. Aprili 1915 Mfaransa Roland Garros alifunga vipande vya chuma kwenye rafadha ili risasi zitakazoigonga ziruke kando. Alitungua ndege kadhaa kabla ya kulazimika kutua upande wa Wajerumani. Anthony Fokker, Mholanzi aliyekuwa akiwaundia Wajerumani ndege, na mafundi wake wakaleta jibu bora: mtambo uliounganisha bunduki na injini, risasi ikatoka pale tu ambapo panga la rafadha halijakaa mbele ya mtutu. Kufikia Julai 1915 ndege hizo zilikuwa zikiua. Mwezi huohuo, huku kwetu, ndege za Waingereza zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia zilizunguka juu ya delta ya Rufiji kuelekeza mizinga iliyoimaliza manowari ya Königsberg. Moja ilipigwa, na wakati inashuka kuelekea majini mmoja wa waliokuwemo aliendelea kutuma ishara za kurekebisha shabaha.

Aliyegeuza mapambano ya angani kuwa elimu ni Mjerumani Oswald Boelcke. Aliwafundisha vijana wake kanuni chache: shambulia jua likiwa mgongoni mwako, usifyatue hadi umsogelee adui, ukishaanza usiache. Boelcke alikufa Oktoba 1916 baada ya ndege yake kugusana na ya mwenzake. Mwanafunzi wake Manfred von Richthofen alifikisha ushindi 80, idadi ambayo hakuna mwingine aliyeifikia katika vita vile. Lakini tazama alivyokufa. Tarehe 21 Aprili 1918 alimfukuza rubani mchanga hadi chini kabisa, juu ya bonde la mto Somme, akapigwa risasi moja kifuani. Watafiti wengi leo wanakubaliana kwamba risasi ile ilitoka ardhini, kwa askari wa Australia waliokuwa pale na bunduki zao. Miezi mitatu baadaye Mwingereza Edward Mannock, aliyekuwa akiwaonya vijana wake wasishuke kuangalia mabaki ya ndege waliyoitungua, alishuka kuangalia mabaki. Risasi za askari wa kawaida waliokuwa chini ziliiwasha moto ndege yake.

Wakati huo makamanda walikwisha kugundua kwamba ndege inaweza kufanya kazi ya mizinga. Katika vita vya Cambrai, Novemba 1917, Waingereza walituma ndege nyepesi zipite juu ya mahandaki katika ukungu, chini mno, zikimwaga risasi na mabomu madogo. Askari waliokuwa chini walitishika, na marubani walikwisha kama sabuni: kwa baadhi ya siku ndege karibu 30 katika kila 100 zilizotumwa kazi hiyo zilipotea au kuharibiwa. Wajerumani nao walikuwa na vikosi maalumu vya kushambulia ardhini na ndege ya chuma, Junkers J.I, iliyomkalisha rubani ndani ya beseni la bamba la chuma cha pua. Mbinu karibu zote zilizotumika baadaye zilikuwa tayari zimezaliwa mwaka ule.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania viliyaleta mambo hayo mijini. Kikosi cha Condor, ambacho Hitler alikituma kumsaidia Jenerali Franco, kilikuwa na ndege za Heinkel He 51 zilizozidiwa nguvu na ndege za Kisovieti kila zilipokutana angani. Basi zikapewa kazi ya chini. Tarehe 26 Aprili 1937, Jumatatu, siku ya soko, ndege za mabomu zilishambulia mji wa Guernica katika nchi ya Wabaski. Watu walipokimbilia mashambani na barabarani, He 51 ziliwafuata huko na kuwamiminia risasi. Ninaitaja siku hiyo kwa sababu baada yake hapakuwa na kamanda yeyote Ulaya aliyeweza kudai kwamba hakujua ndege zinaweza kuwafanya nini wakimbizi.

Na wakimbizi ndio waliojaa barabarani katika kiangazi cha 1940. Mamilioni ya Wabelgiji na Wafaransa walifungasha magodoro juu ya magari, mikokoteni ya farasi, baiskeli na vigari vya watoto, wakaelekea kusini. Barabara hizohizo zilitumiwa na majeshi yaliyokuwa yakirudi nyuma, na ndege za Kijerumani zilizishambulia. Kwa mtu aliye barabarani mambo yalikwenda kwa kasi isiyompa nafasi ya kufikiri. Ndege inayokuja chini chini hufichwa na miti na vilima, hivyo mlio wake huchelewa kumfikia mtu. Anapousikia, ndege iko umbali wa sekunde chache. Kuna mtaro kando ya barabara. Mwenye miguu mizuri anaruka, mwenye mtoto mgongoni anachelewa. Kisha vumbi linapigwa mistari miwili inayokimbia barabarani, na ndege imeshapita. Farasi ndio hubaki wakipiga kelele.

Mapambano ya Uingereza ya Julai hadi Oktoba 1940 ndiyo yanayojulikana zaidi, nami nitayapitia haraka. Yalikuwa kweli mapambano ya juu, na ushindi wake ulipatikana kwa rada, simu na mpango mzuri wa Hugh Dowding, mkuu wa ndege za kivita za Uingereza, kuliko kwa ndege yoyote moja. Jambo moja tu nataka lieleweke. Spitfire au Hurricane ya mwaka ule ilikuwa na bunduki 8, kila moja ikiwa na risasi zipatazo 300. Ukibonyeza kitufe bila kuachia, risasi zote zinaisha kwa kama sekunde 15. Rubani anaweza kufundishwa miezi mingi, kuamka alfajiri siku 30 mfululizo, kupanda hadi futi 20,000, na kazi yote aliyotumwa ni sekunde hizo 15. Ndiyo sababu Adolph Malan, mwana wa Afrika Kusini aliyekuwa miongoni mwa viongozi bora wa vikosi vya Spitfire, alisisitiza kufyatua kwa muda mfupi na kwa karibu. Malan alirudi kwao baada ya vita, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaongoza maandamano ya askari wa zamani waliopinga serikali ya ubaguzi ilipotaka kuwafuta wapiga kura Machotara. Kwangu mimi hilo ni sehemu ya sifa yake ya vita.

Aprili 1941 vita vilishuka Ugiriki, na huko alikuwepo kijana mmoja aliyekuwa ameajiriwa na kampuni ya mafuta ya Shell jijini Dar es Salaam, Roald Dahl, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa vitabu vya watoto. Vita vilipoanza alitoka Dar es Salaam kwa gari hadi Nairobi, akajiunga na jeshi la anga na kujifunza kurusha ndege huko huko. Tarehe 20 Aprili, juu ya Athens, yeye na wenzake wachache walikutana na kundi kubwa la ndege za Kijerumani. Marmaduke Pattle, mzaliwa wa Afrika Kusini, pengine rubani aliyetungua ndege nyingi kuliko wote waliorusha ndege kwa niaba ya Uingereza, alikufa siku hiyo. Lakini kilichozimaliza Hurricane za Ugiriki hakikuwa pambano lile peke yake. Siku chache baadaye nyingi ya zile zilizosalia ziliteketezwa chini huko Argos, zikiwa zimeegeshwa.

Baada ya 1940 Waingereza walijaribu kuwapelekea Wajerumani vita ng'ambo ya bahari. Spitfire mbili mbili zilivuka siku za mawingu mazito, zikatafuta cha kupiga Ufaransa: lori, treni, kiwanda kidogo. Gharama ilikuwa kubwa mno kwa faida ndogo. Robert Stanford Tuck, aliyenusurika mapambano yote ya 1940, alitunguliwa na mizinga ya ardhini Januari 1942 na kuwa mateka. Brendan Finucane wa Ireland, aliyeitwa Paddy na magazeti yote, alipigwa na bunduki ya rashasha kutoka ufukweni Julai mwaka huohuo. Injini ilichemka hadi ikazima, akashukia baharini na kuzama na ndege yake. Alikuwa na umri wa miaka 21.

Upande wa mashariki Wasovieti walifikiri tofauti. Wao hawakuiona kazi ya chini kuwa ya ziada. Waliijengea ndege yake. Ilyushin Il-2 ilikuwa na gamba la chuma lililofunika injini, rubani na matangi, na ilizalishwa zaidi ya 36,000, idadi ambayo ndege nyingine za kivita za wakati ule hazikuifikia. Stalin alipoona viwanda vinachelewa mwaka 1941 aliwapelekea wakuu wavyo telegramu ya hasira akisema jeshi linaihitaji ndege hiyo kama linavyohitaji mkate na hewa. Mpiga rashasha aliyewekwa nyuma ya rubani baadaye alikaa nje ya gamba lile, na alikufa mara nyingi kuliko rubani. Katika anga hiyohiyo wanawake nao walirusha ndege za kivita. Lydia Litvyak, aliyezitungua ndege za Wajerumani juu ya Stalingrad, hakurudi safarini tarehe 1 Agosti 1943, siku chache kabla ya kutimiza miaka 22.

Mabadiliko makubwa ya magharibi yalianzia ofisini. Mwaka 1943 Wamarekani walikuwa wakituma ndege zao za mabomu Ujerumani mchana bila ulinzi wa kutosha. Katika safari mbili za Schweinfurt, Agosti na Oktoba, ziliangamia 60 kila mara ama zaidi, kila moja ikiwa na watu kumi. Januari 1944 Jenerali James Doolittle alikabidhiwa kikosi cha ndege hizo. Katika ofisi ya mkuu wa ndege za kusindikiza alikuta kibao kikisema kazi yao ya kwanza ni kuzirudisha ndege za mabomu salama. Akaagiza kibao kishushwe na kuwekwa kingine: kazi ya kwanza ni kuangamiza ndege za kivita za Ujerumani. Ndege za P-47 na P-51 Mustang, zikiwa na matangi ya ziada ya mafuta chini ya mabawa, zikaachiwa zimfuate adui popote, hata nyumbani kwake. Rubani aliyemaliza kusindikiza aliruhusiwa kushuka na kutafuta viwanja vya ndege. Kati ya Januari na Aprili 1944 Ujerumani ilipoteza marubani zaidi ya 1,000 wa ndege za kivita za mchana. Ndege zilijengwa nyingine. Waliofunzwa vizuri hawakupatikana.

Kushambulia kiwanja cha ndege kulikuwa kazi ya kufa kupona. Ndege ya kwanza huwakuta walinzi wamelala. Ya pili hukuta wameshaamka. Ya tatu hukuta kila mtutu umeelekezwa pale inapopaswa kupita. Kanuni ya wazee wa kazi ilikuwa pita mara moja, nenda zako. Tena kuna ugonjwa wa macho: rubani akishaikodolea shabaha, dunia yote hupungua ikawa shabaha ile tu, na ardhi iliyo chini yake hupotea akilini.

Francis Gabreski aliijua kanuni hiyo. Kufikia Julai 1944 alikuwa na ushindi 28, idadi ya juu kuliko ya rubani mwingine yeyote wa Kimarekani Ulaya. Alikuwa amemaliza zamu yake, mizigo imefungwa, na nyumbani anasubiriwa kwa harusi. Tarehe 20 Julai akaomba safari moja zaidi. Wakati wa kurudi aliona ndege za Heinkel zimeegeshwa katika kiwanja cha Bassenheim, karibu na Koblenz. P-47 ina rashasha 8 zinazotoa pamoja risasi zipatazo 100 kwa sekunde moja. Alipita, akapiga. Akageuka kupita mara ya pili. Aliona mistari ya risasi zake inapita juu kidogo ya Heinkel, akaishusha pua ya ndege ili kurekebisha. Alikuwa chini kiasi kwamba hapakuwa na nafasi ya kushusha chochote: ncha za rafadha ziligonga uwanja, zikapinda, injini ikatetemeka hadi ikashindwa. Alitua kwa tumbo shambani, akakimbilia msituni, akajificha siku tano kabla ya kukamatwa. Hapakuwa na Mjerumani aliyemtungua. Aliigonga ardhi.

Siku tatu kabla yake, tarehe 17 Julai, Spitfire zililikuta gari likikimbia barabarani karibu na kijiji cha Sainte-Foy-de-Montgommery huko Normandie. Ndani alikuwemo Jemadari Erwin Rommel wa Ujerumani. Miezi yote kabla ya Washirika kutua Ufaransa alikuwa akibishana na wenzake kwamba vifaru havitaweza kutembea mchana chini ya ndege za adui, kwa hiyo viwekwe karibu na pwani. Alikuwa na askari mmoja garini wa kutazama angani tu. Askari yule aliona ndege, dereva akakanyaga mafuta kuwahi njia ya pembeni, wakachelewa. Dereva alikufa kwa majeraha yake na Rommel akapasuka fuvu. Hakurudi tena vitani.

Majeshi ya Ujerumani yalikuwa na neno fupi la ndege hizo, Jabo, na katika kiangazi kile neno hilo liliwatoa watu magarini mbio. Walisafiri usiku, wakafunika vifaru kwa matawi. Agosti, jeshi lao lilipobanwa karibu na mji wa Falaise, ndege za Typhoon za Waingereza, zenye roketi 8 na mizinga 4, ziliishambulia misafara iliyosongamana mchana kutwa. Marubani walirudi wakiripoti vifaru vingi mno vilivyopigwa. Watafiti wa jeshi la Uingereza walipokwenda kuhesabu mabaki waligundua kwamba roketi ziliua vifaru vichache sana. Vingi vilikuwa vimeachwa na wenyewe au kuchomwa nao, mafuta yameisha kwa sababu malori ya mafuta yalikuwa majivu. Hofu na ukosefu wa mafuta vilifanya kazi ambayo roketi haikuifanya, na hilo halipunguzi ushindi wa Typhoon hata kidogo; linaeleza ulivyopatikana.

Asubuhi ya mwaka mpya wa 1945 Wajerumani walijaribu kulipa kwa sarafu hiyohiyo: ndege zao karibu 900 zilipita usawa wa miti kushambulia viwanja vya Washirika nchini Ubelgiji, Uholanzi na Ufaransa. Ziliharibu mamia ya ndege, nyingi zikiwa hazina mtu ndani. Wao walipoteza marubani zaidi ya 200, baadhi wakipigwa na mizinga yao wenyewe kwa kuwa siri ilikuwa kubwa mno. Washirika walipata ndege nyingine ndani ya majuma machache.

Baada ya hapo Ujerumani ilikuwa wazi. Ndege za Washirika zilitafuta chochote kinachotembea: kichwa cha treni, lori, mkokoteni. Wapo wakulima waliouawa wakiwa na jembe la farasi shambani. Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, alikuwa ameshaandika, Mei 1944, kwamba polisi wasiwalinde marubani dhidi ya hasira ya raia, na mamia ya marubani walioshuka kwa miavuli waliuawa na watu wa vijijini au maofisa wa chama cha Nazi. Treni zilizopigwa zilibeba pia wafungwa na vibarua wa lazima, kwa kuwa mtu anayepita kwa kasi ya kilomita 500 kwa saa hawezi kujua aliye ndani ya behewa lililofungwa. Tarehe 19 Aprili 1945, huko Gresse, Typhoon ziliushambulia msafara wa mateka wa vita wa Washirika na kuwaua makumi ya watu waliokuwa wakingoja kwa hamu kuziona ndege zao.

Lakini kilichotokea tarehe 3 Mei 1945 ni kikubwa kuliko vyote. Hitler alikuwa amekufa siku tatu nyuma. Katika ghuba ya Lübeck zilikuwepo meli, mojawapo Cap Arcona, ambayo zamani ilibeba matajiri kwenda Amerika Kusini. Askari wa SS, jeshi la chama cha Nazi, walikuwa wameijaza maelfu ya wafungwa wa kambi ya mateso ya Neuengamme. Waingereza waliamini meli zile zinawatorosha maofisa wa SS kwenda Norway. Maofisa wa Msalaba Mwekundu walikuwa wameshatoa habari kwamba ndani wamo wafungwa. Habari hiyo haikuwafikia marubani. Typhoon zilikuja kwa mawimbi, zikapiga roketi, meli ikawaka na kulala ubavu. Walioruka majini walimiminiwa risasi na baadhi ya ndege. Waliofika ufukweni walipigwa risasi na SS waliokuwa wakiwasubiri. Walikufa takriban watu 7,000 katika meli zile, siku tano kabla ya vita kwisha Ulaya.

SS ndio waliowaweka wale watu kwenye meli, na mzigo wa kwanza ni wao. Ila aliyekuwa na taarifa mezani na hakuipeleka uwanjani ana mzigo wake pia, na miaka haijaupunguza. Maiti ziliendelea kuletwa na maji katika fukwe za ghuba ile kwa majuma, kisha mifupa kwa miaka. Ya mwisho iliokotwa mwaka 1971.